Kamshat na Mwana Asiyeweza Kumtaja

Kule Saribastau, ukitaka kujua nyumba ni ya nani, huna haja ya kubisha hodi. Tazama kamba ya nguo. Mtaa wa Chini, wanakokaa Waukraini na Warusi waliokuja kulima mbuga, kamba ina shuka mbili, shati la baba, gauni la mama na kisuruali kimoja cha mtoto kinachopepea peke yake. Ng'ambo ya bwawa, Mtaa wa Juu, mtaa wetu, kamba hazitoshi. Watu huanika juu ya ua, juu ya mikokoteni, juu ya paa la zizi. Na kamba ndefu kupita zote mtaani ilikuwa ya Kamshat, mke wa Tulegen mchunga farasi.

Kamshat alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la serikali. Alikuwa na mikono minene, sauti ya kuita ndama kutoka upande wa pili wa bwawa, na shingo isiyojua kuinama. Alizaa watoto kumi na wote kumi walikuwa hai. Alipenda kuyasema hayo mawili kwa pamoja, kumi na wote wazima, kwa sababu kizazi kilichomtangulia kilikuwa hodari wa la kwanza tu.

Yeye mwenyewe alikuwa masalio ya njaa. Alizaliwa wakati ule mifugo ilipochukuliwa na serikali, mbuga ikabaki tupu, akaokotwa kando ya reli akiwa kichanga, akalelewa katika nyumba ya yatima. Baba yake hakumjua, wala ukoo wake. Na kwetu mtu asiyeweza kuwataja babu zake saba, mmoja baada ya mwingine, huhesabiwa nusu mtu. Basi alipoolewa alikuja na sanduku la mbao na nia moja tu: kama hana watu nyuma yake, atakuwa nao mbele yake.

Tena haikuwa rahisi kuolewa. Kijana haoi msichana wa damu yake mpaka babu wa saba, sasa huyu asiye na babu hata mmoja utampimaje? Majirani walimwonya Dametken, mama yake Tulegen, kwamba huenda anamwoza mwanawe kwa dada yake. Dametken aliwaambia, "Ndugu zangu wote walikufa kwa njaa. Huyu akitokea kuwa ndugu yangu, nitashukuru Mungu kupata ndugu." Akaleta kitambaa cheupe akamfunika bibi harusi kichwani, na maneno yakaishia hapo.

Huyo ndiye Dametken. Alizaa saba. Sita walikwenda na njaa, na wa saba, aliyezaliwa baada yake, akamwita Tulegen, maana yake "amelipa", kama mtu anayemkumbusha Mungu kwamba malipo hayajakamilika. Kisha vita vikamchukua mumewe. Akabaki na mtoto mmoja, ng'ombe mmoja, na ulimi ambao mwenyekiti wa kijiji mwenyewe aliuogopa.

Sasa kuna desturi yetu ambayo Mtaa wa Chini hawajawahi kuielewa, ingawa wamekula nyama ya sherehe zake mara nyingi. Mtoto wa kwanza si wa aliyemzaa. Ni wa bibi yake. Kamshat alipojifungua mtoto wa kiume, wakangoja arobaini itimie, wakamwogesha kwa vijiko arobaini vya maji. Kisha Dametken akamchukua, akamwingiza kwenye kola ya gauni lake pana, akampitisha kifuani na tumboni, akamtoa chini kwenye pindo, na wanawake wakampa hongera ya uzazi. Kondoo akachinjwa. Ofisini mtoto akaandikwa Amantay, mwana wa Dametken. Jina lenyewe lina maana ya usalama, maana bibi hakuwa tayari kufanya mchezo na majina tena.

Kamshat alikuwa msichana wa miaka ishirini, maziwa yakimchuruzika. Alikuwa akipewa mtoto amnyonyeshe, akishiba anarudishwa kulala kwa mwenyewe. Hakulia mbele ya watu. Alilia zizini, uso kaubandika kwenye ubavu wa ng'ombe, na ng'ombe hawana umbeya.

Tena desturi hiyo ina mkia. Mwanamke aliyeolewa kwetu hatamki jina la mkwe wala la ndugu za mumewe. Huwabandika majina ya heshima. Amantay, kwa kuwa sasa alikuwa mdogo wake Tulegen, akawa shemeji yake Kamshat, na Kamshat hakuweza kumtaja. Akamwita Bwana Mdogo. Ilikuwa kichekesho kumsikia uani akimfokea mtoto wa miaka mitatu: "Bwana Mdogo, futa makamasi. Bwana Mdogo, toka kwenye tope." Na mtoto akimjibu, "Sitaki, shemeji." Dametken alicheka mpaka akashika mbavu. Kamshat naye alicheka, kwa sababu ukikaa na jambo muda mrefu unajifunza kulichekea.

Dametken alimwachisha Amantay ziwa mapema, akamzoeza kufyonza kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, na tumbo la Kamshat nalo halikukaa tupu. Akaja wa pili, wa tatu, wa nne. Hao walikuwa wake. Kila mmoja alimpa jina kwa kinywa chake na kulitamka apendavyo, na jioni alikuwa akisimama mlangoni kuwaita wote kwa zamu kwa ile sauti ya kuita ndama, hata pale ambapo hakuwa na haja nao.

Zizini Kamshat alikamua safu moja na Hanna Kovtun wa Mtaa wa Chini, mwanamke wa Kiukraini kutoka Poltava, mrefu, mwenye mzaha mkavu. Walikuwa mashoga wa kutaniana. Hanna alikuwa na mtoto mmoja, Slavko.

"Hebu niambie ukweli, shoga," Hanna aliuliza wakati Kamshat ana mimba ya tisa. "Ni yale maziwa ya farasi mnayokunywa?"

"Ni kulala mapema. Nyinyi mnakesha na redio."

"Nyinyi mnazaa kama sungura."

"Na nyinyi mnapanda viazi tu."

Swali hilo Saribastau nzima ililiuliza, kila mtu kwa namna yake. Mtaa mmoja na mwingine inatenganishwa na bwawa ambalo mtoto anaweza kurusha jiwe likavuka. Wanakunywa maji yale yale, wanakula mkate wa tanuri lile lile, wanalipwa mshahara ule ule, lakini shule ilijaa vichwa vyeusi, na darasani Slavko alikuwa kama jani la njano lililoanguka kwenye makaa. Mganga wa zahanati alisema wasichana wetu wanaolewa mapema. Mwalimu mkuu akasema wasichana wa Mtaa wa Chini wakimaliza masomo wanakwenda mjini na hawarudi. Wazee wetu walisema mbuga iliachwa tupu na sasa inajazwa, na walipolisema hilo hawakutania. Wengine walidai ni kutafuta wavulana, wakimwonyesha Kamshat kidole, maana mtoto wake wa mwisho, msichana, alimwita Ulbolsin, yaani "na awe mvulana", kwa matumaini ya atakayefuata. Kwa Kamshat jibu lilikuwa jepesi. Ni yeye. Ni mwili wake na moyo wake, na asiyeamini aje ahesabu.

Hanna ndiye pekee aliyewahi kumpa jibu jingine. Siku hiyo mzaha ulikuwa umewaishia, wakawa wamekaa juu ya ndoo zilizofudikizwa.

"Mimi nilitaka watatu," Hanna alisema. "Mama yangu yuko Poltava. Mama wa mume wangu alikufa vitani. Alfajiri ng'ombe wananingoja, mtoto nimwache na nani, na jiko? Mara mbili nimepanda gari kwenda hospitali ya wilaya, na unajua nilikwenda kufanya nini. Wewe unatoka nyumbani mikono mitupu, unapiga mluzi. Nyuma yako kuna yule bibi."

"Yule bibi hakuzaa hata mmoja wao," Kamshat alijibu. "Nimezaa mimi."

Hanna akanyanyua ndoo yake akaenda. Ule msemo wa kuzaa si kazi, kazi ni kulea, Kamshat aliuona umetungwa na mtu ambaye hajawahi kuzaa.

Ulbolsin alipotimiza mwaka, Jaksilik, mwenyekiti wa kijiji, alikuja na kofia mpya. Serikali ilikuwa na nyota ya dhahabu ya Mama Shujaa, kwa mwanamke mwenye watoto kumi walio hai, wa mwisho akishatimiza mwaka. Shamba la jirani walikuwa na mama kama huyo, na mwenyekiti wao hakukosa kulitaja hilo katika kila mkutano. Jaksilik alikuwa amechoka kulisikia. Akakaa mezani, akanywa chai ya maziwa, akatoa kalamu.

Kamshat alipoisikia habari hiyo damu ilimpanda usoni. Niseme wazi, aliitaka ile nyota. Aliitaka kwa njaa, kama mtu aliyeokotwa kando ya reli anavyoweza kutaka kitu. Alijiona jukwaani na kumi wake wamejipanga nyuma yake kwa kimo, na hakuna tena atakayemwuliza babu zake ni nani.

Jaksilik akamwomba ataje watoto. Kamshat akawataja tisa kwa sauti ya jukwaani, kuanzia wa pili hadi Ulbolsin.

"Wa kumi, shemeji?"

"Bwana Mdogo."

"Bwana Mdogo nani?"

"Si unamjua."

"Mimi namjua. Moskva hawamjui."

Kamshat akafungua mdomo, ukafunguka, jina halikutoka. Miaka ishirini na zaidi ulimi wake ulikuwa umelizunguka jina lile kama unavyozunguka shimo gizani. Jaksilik alikuna kichwa. Jina lenyewe si kitu, alisema, angeliandika yeye. Shida ni kwamba kwa serikali Amantay ni mtoto wa Dametken, na Kamshat ni mama wa watoto tisa. Kwa tisa kuna nishani ya fedha, kitu kizuri, lakini si nyota. Bibi mwenyewe akiri ofisini kwamba hakumzaa, kisha barabara zikifunguka baada ya theluji afisa wa wilaya aje amsikie Kamshat akisema kwa kinywa chake kwamba kijana ni wake. Maneno mawili, yamekwisha.

Kamshat alimsindikiza mpaka langoni. Alikuwa hajawahi kumwogopa mtu, lakini ile jioni alimpikia mkwe wake tambi na nyama, akamkatia vipande laini, na hakusema lolote. Kesho yake hakusema. Alikuwa akijiambia kwamba anangoja wakati mzuri, na kila wakati uliokuja aliuona mbaya.

Aliyelisema ni Hanna, bila kujua. Alikuja na chupa ya jamu ya cheri kumpongeza, akamkuta Dametken amekaa na Ulbolsin mapajani. Akamshika bibi mikono yote miwili akamwambia heri yake, Amantay atahesabiwa kwa Kamshat na nyumba itapata nyota. Dametken alimshukuru, akamnywesha chai mpaka Hanna akageuza kikombe kuonyesha ameshiba. Hakuna aliyeona badiliko usoni mwake.

Asubuhi alivaa kilemba chake cheupe cha sherehe, akakataa kupelekwa, akashuka kwa miguu hadi ofisini. Jaksilik ndiye aliyesimulia baadaye. Bibi hakukubali kukaa. Alisema, "Andika. Yule kijana sikumzaa mimi. Amezaliwa na mkwe wangu, na uchungu wake niliusikia nyuma ya pazia." Kisha akauliza kama kuna lingine, akatoka.

Amantay wakati huo alikuwa kijana wa trekta, mabega mapana, mcheshi. Tangu utotoni kitanda chake kilikuwa chumba kimoja na cha mama yake, karibu na jiko. Jioni ile alikuta kimehamishiwa kwa wajukuu, upande wa pili wa nyumba. Akadhani ni mzaha.

"Mama, nimekoroma?"

"Mama yako yuko jikoni," Dametken alimjibu, akaendelea kusokota sufu.

Amantay akaja jikoni. Akasimama mlangoni na kofia ya trekta mkononi, akamtazama Kamshat muda mrefu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Shemeji," akasema, "sasa nikuiteje?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa furaha. Mwanamke amengoja swali hilo tangu ile arobaini. Lakini Kamshat alikuwa na unga mikononi. Alimwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Usiku Tulegen, ambaye alizungumza na farasi zaidi ya watu, alimwambia mkewe kitandani kwamba nyota ni nyota, ni heshima ya nyumba nzima, yeye hapingi. Kisha akaongeza kwamba alikuwa na ndugu mmoja tu.

Theluji ikafunga barabara. Dametken hakugombana na mtu, na hilo ndilo lililowatisha. Ulimi wake uliokuwa ukipasua mawe ukawa laini. Aliwaogesha wadogo, aliwasuka wasichana, alimbembeza Ulbolsin kwenye susu kwa mguu huku mikono ikisokota. Kamshat akirudi zizini alikuta moto unawaka na watoto wameshiba, kama miaka yote. Ila safari hii aliviona. Aliviona vitanda vilivyotandikwa, viatu vya sufu vilivyokaushwa na kupangwa jozi kwa jozi mlangoni, nywele zilizochanwa. Akajaribu kukumbuka ni lini katika miaka yote hiyo aliwahi kubaki nyumbani na mtoto mgonjwa, na hakukumbuka. Maneno ya Hanna juu ya ndoo yakamrudia, na hayakuwa na mzaha ndani yake.

Na jingine likamjia, chungu zaidi, akalikubali. Yule wa kwanza hakuchukuliwa bure. Bibi aliyepewa mtoto wake mwenyewe ana sababu ya kuamka na wale tisa waliofuata. Wanawake wengine wa Mtaa wa Juu, ambao wakwe zao walibaki mikono mitupu, walikuwa na watoto wanne, watano, na mgongo uliopinda. Kumi wa Kamshat walikuwa kazi ya wanawake wawili. Alijivunia peke yake kitu cha watu wawili.

Mwishoni mwa baridi Dametken aliugua kifua. Alilala karibu na jiko, mdogo ajabu, na siku moja alimwita Kamshat akamtaka afunge mlango.

"Sikukasirika," alisema. "Usidhani nimekasirika. Nilizaa saba na hakuna aliyenipa hata kitufe. Wewe upate. Walau mtu mmoja katika nyumba hii apate."

Kamshat akamwambia apumzike.

"Nitapumzika. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nikifa, yule kijana atasimama wapi?"

Kamshat alilielewa swali, na nyinyi mtalielewa. Mama akifa kwetu, wanawe wa kiume husimama nje ya mlango wakiegemea fimbo, na kila mgeni anayekuja humlilia marehemu pamoja nao. Wajukuu hukaa ndani au huchota maji. Mtu huhesabiwa kwa fimbo zinazosimama mlangoni kwake. Dametken alizaa wavulana wanne miongoni mwa wale saba. Baada ya njaa alipata fimbo moja tu. Ya pili aliitafuta kwa kola ya gauni lake.

"Mama, utapona," Kamshat alimjibu.

"Basi sawa," bibi akasema. Hakuuliza tena. Na Kamshat alitoka nje akajichukia, kwa sababu hata pale, hata baada ya kuyajua yote aliyoyajua, sehemu ya moyo wake ilikuwa bado jukwaani.

Dametken alifariki barafu ya bwawa ilipoanza kupasuka. Barabara zilikuwa zimefunguka. Kwa watu wengi hilo lilimaliza shauri zima: bibi ameshakiri, ameshaondoka, hakuna wa kuumia tena. Jaksilik mwenyewe, akimpa pole Kamshat, alimnong'oneza kwamba afisa wa wilaya, aliyekuwa amekwishapanga safari, atafika siku ya msiba; ni vizuri, atatoa heshima zake, na akipata nafasi atauliza yale maneno mawili. Hakukusudia ubaya. Alikuwa mtu wa mipango.

Wageni walijaa ua. Farasi alichinjwa, sufuria zikapangwa juu ya moto, Mtaa wa Chini wakaja na wao wakiwa wamevaa nguo nyeusi, wakasimama kando wasijue waweke wapi mikono. Hanna alichukua Ulbolsin tangu asubuhi, akamfunga kifuani kwa shali, akakoroga masufuria naye hivyo hivyo. Ndani, wanawake walikaa wakielekea ukutani wakimwombolezea marehemu kwa nyimbo, na sauti ya Kamshat ilikuwa juu ya zote.

Kupitia dirishani aliuona mlango. Tulegen alikuwa amesimama peke yake, mgongo umepinda juu ya fimbo, na kila kundi la wanaume lililofika lilimwendea likilia, likamkumbatia, likapita. Mtu mmoja mlangoni kwa mwanamke aliyezaa saba. Amantay alikuwa uani na ndoo mbili za maji. Alikuwa akichota na wajukuu. Hakuna aliyemwambia akachote. Neno la ofisini lilikuwa limezunguka kijiji kizima, na yeye alikuwa kijana wa adabu, amejiweka alipowekwa. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Alikuwa akijaza mapipa ambayo tayari yalikuwa yamejaa.

Gari la wilaya likaingia. Akashuka afisa, mwanamke wa makamo mwenye koti la kijivu, mstaarabu, Jaksilik akiwa kando yake. Akampa mkono Tulegen. Kamshat alikuwa amenyamaza kuimba. Wanawake waligeuka kumtazama, kwa maana mwombolezaji mkuu hanyamazi katikati. Akainuka, akapita katikati yao, akatoka nje kwa mlango ule wanaposimama wanaume, jambo ambalo mwanamke hafanyi.

Afisa alimpa pole kwa moyo wote. Akasema amesikia mengi juu ya nyumba hii. Kisha, kama anavyouliza mgeni yeyote msibani, kwa heshima tu, akauliza marehemu ameacha wana wangapi.

Jaksilik akamtazama Kamshat. Tulegen akainua kichwa kutoka kwenye fimbo. Hata waliokuwa wakikoroga masufuria wakaacha kukoroga, kwa sababu pale kila mtu alijua jibu la swali lile lina uzito gani.

"Wawili," Kamshat alisema.

Afisa aligeuka kumtafuta wa pili. Kamshat akakata ua kwa hatua zake za zizini, akamnyang'anya Amantay ndoo, akaziweka chini, maji yakamwagika juu ya viatu vyao wote wawili. Kwenye ukuta wa zizi palikuwa na fimbo ya kuchungia farasi. Akaichukua akamtia mkononi.

"Huyu hapa," akamwambia afisa, kwa ile sauti inayovuka bwawa. "Huyu ni mwana mdogo wa mama mkwe wangu. Shemeji yangu. Mimi nina tisa, na wote aliwalea marehemu."

Jaksilik alivua kofia yake mpya akaishika kifuani. Hata baadaye hakuwahi kumlaumu. Nishani ya fedha ilikuja majira ya kiangazi, na Kamshat aliivaa kila sikukuu, na aliyemwuliza kwa nini si nyota alimjibu kwamba macho yake mabovu, aangalie vizuri.

Lakini siku ile alikuwa hafikirii nishani. Alimsukuma Amantay mgongoni, taratibu, mpaka pale mlangoni. Tulegen alisogea kidogo akampisha. Kijana aliweka fimbo chini, akaiegemea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama kaka yake. Kundi jingine la wageni lilikuwa linaingia langoni. Na Amantay, ambaye alikuwa hajalia tangu asubuhi kwa kutojua analia kama nani, akafungua mdomo akaita kwa nguvu zake zote, "Mama! Mama yangu!"

Aliyemzaa alikuwa amesimama nyuma yake, hatua moja, viatu vimelowa. Aliisikia sauti hiyo ikimpita na kuingia ndani ya nyumba, kwa mwenyewe. Alikuwa analia, na shingo yake ilikuwa imesimama wima.